Kuchagua Bastola ya Kuwindia Itakayorithiwa: Maelezo Kuanzia Msingi

Katika majimbo mengi ya Marekani sheria inamruhusu mwindaji kuingia porini na bastola badala ya bunduki, mradi afuate masharti ya jimbo kuhusu msimu, aina ya mnyama na nguvu ya silaha. Wengi huwinda kulungu mwenye mkia mweupe, na wengine nguruwe mwitu. Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, hivyo somo hili linahusu zaidi Marekani, lilikozaliwa. Hata hivyo, kanuni za sayansi zilizomo ni zilezile zinazotawala boila, bomba la maji na injini ya gari, na msomaji wa popote atafaidika nazo.

Swali letu ni hili: mwindaji akitaka bastola itakayomtumikia maisha yake yote, kisha imfae mwanawe na mjukuu wake, achague ipi? Jibu nitakalolijenga hatua kwa hatua ni kwamba bastola ya kurithiwa ni ile ambayo chuma chake hakilazimishwi kutoa nguvu zake zote. Tofauti kati ya mzigo ambao chuma kinaweza kuubeba na mzigo kinachobebeshwa tutaiita akiba ya uimara. Kuelewa akiba hiyo inatoka wapi na inapoteaje ndiko kujua kuchagua.

Bastola yenyewe na risasi yake

Bastola tunayoizungumzia ni ile yenye silinda inayozunguka, maarufu kama revolva. Samuel Colt aliisajili hataza ya muundo wake nchini Marekani mwaka 1836. Ina sehemu kuu nne. Kiunzi ni mwili unaoshikilia sehemu nyingine zote. Mtutu ni bomba ambamo risasi hupita. Silinda ni kipande kinene cha chuma kilichotobolewa matundu matano au sita, na kila tundu huitwa chemba. Mwisho ni mtambo wa kufyatulia, yaani nyundo, triga na vipande vidogo vinavyoviunganisha.

Nyundo ikivutwa nyuma, mkono mdogo wa chuma ulio ndani ya kiunzi huisukuma silinda izunguke mpaka chemba moja ikae sawasawa nyuma ya mtutu. Hapo kizuizi huchomoza kutoka chini na kuingia katika kishimo kilichochongwa kwenye ubavu wa silinda, na silinda hujifunga. Bastola ambayo nyundo yake lazima ivutwe kwa kidole gumba kabla ya kila mpigo ni ya tendo moja. Ile ambayo triga peke yake inaweza kuivuta nyundo na kuiachia ni ya matendo mawili.

Risasi nzima nayo ina sehemu nne: ganda la shaba njano, fataki iliyo kwenye kitako cha ganda, baruti iliyomo ndani, na kichwa kinachoruka. Nyundo ikishuka, fataki huwaka na kuiwasha baruti. Baruti haichukui muda kugeuka gesi, na gesi hiyo, ikiwa moto na imebanwa mahali padogo, husukuma pande zote kwa pamoja: mbele kwenye kichwa cha risasi, nyuma kwenye kitako cha ganda, na kando kwenye kuta za chemba. Msukumo wa gesi juu ya kila kipimo cha eneo huitwa kanieneo.

Ukubwa wa kanieneo hiyo unastahili kutazamwa kwa makini. Viwanda vya Marekani vimewekewa kikomo kwa kila aina ya risasi, na hukipima kwa paundi kwa kila inchi ya mraba. Risasi ya .45 Colt, iliyoanza enzi za bastola ya Colt ya mwaka 1873, ina kikomo cha 14,000, yaani karibu mara 950 ya kanieneo ya hewa tunayoivuta. Ya .44 Magnum ina kikomo cha 36,000, karibu mara 2,450. Ya .454 Casull inafika 65,000, zaidi ya mara 4,400. Risasi ya kwanza na ya tatu zina vichwa vya kipenyo kimoja, lakini chuma kinachozizunguka hubebeshwa mizigo iliyo tofauti kabisa.

Kazi inayotakiwa kufanywa

Kabla ya kuuliza bastola iwe imara kiasi gani, inafaa tujue inatakiwa kufanya kazi gani. Vipimo viwili vinatosha. Cha kwanza ni momenta, yaani masi ya kitu ikizidishwa kwa kasi yake. Cha pili ni nishati ya mwendo, yaani nusu ya masi ikizidishwa kwa kasi iliyozidishwa kwa yenyewe.

Tuchukue risasi ya kawaida ya .44 Magnum. Kichwa chake kina gramu 15.5 na hutoka mtutuni kwa kasi ya takribani mita 400 kwa sekunde. Momenta yake ni 0.0155 mara 400, yaani kilogramu-mita 6.2 kwa sekunde. Nishati yake ni takribani jouli 1,240. Kichwa cha .357 Magnum chenye gramu 10.2 kikienda mita 380 kwa sekunde hubeba takribani jouli 740. Bunduki ya .30-06, iliyozoeleka sana kwa kuwindia kulungu, hutoa karibu jouli 3,900.

Kutokana na hesabu hii tunapata funzo la kwanza. Bastola, hata iliyo na nguvu kama ya .44 Magnum, hubeba takribani theluthi moja tu ya nishati ya bunduki ya kawaida ya kuwindia. Haimwangushi mnyama kwa kishindo. Inamwangusha kwa kutoboa njia iliyonyooka na yenye kina hadi kwenye moyo na mapafu, ili damu itoke haraka na mnyama asiteseke. Kwa hiyo mwindaji huhitaji kichwa kizito, kisichovunjika ovyo, na zaidi ya yote kilichofika mahali pake. Kwa kulungu, .44 Magnum inatosha bila kubanwa. Mwenye .357 Magnum analazimika kukaribia zaidi na kuchagua pembe kwa uangalifu mkubwa. Mwenye .454 Casull ana nguvu kupita mahitaji, na atailipia kwa chuma na kwa mkono wake mwenyewe, kama tutakavyoona.

Mkazo na uchovu wa chuma

Gesi inapousukuma ukuta wa chemba kutoka ndani, chuma cha ukuta huvutwa kana kwamba kinataka kupasuka kwa urefu wake. Mvuto huo wa ndani, ukigawanywa kwa eneo la chuma linaloubeba, huitwa mkazo. Kwa ukuta mwembamba kanuni ni nyepesi: mkazo huongezeka kadiri kanieneo na upana wa tundu unavyoongezeka, na hupungua kadiri ukuta unavyokuwa mnene. Ukuta ukiongezwa unene mara mbili, mkazo hushuka hadi karibu nusu.

Historia ya uwindaji wa bastola inaionyesha kanuni hii waziwazi. Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa huko Idaho, alikuwa akijaza risasi zake mwenyewe kwa nguvu kuliko za kiwandani. Alipasua silinda ya bastola ya .45 Colt, kisha akahamia .44 Special. Kwa nje silinda zilikuwa na ukubwa uleule, lakini tundu la .44 ni dogo kidogo, hivyo chuma kinachobaki kuzunguka kila chemba ni kinene zaidi. Miaka mingi ya majaribio na ushawishi wake ilichangia kuzaliwa kwa .44 Magnum, iliyoingia sokoni mwaka 1956 katika bastola za kampuni ya Smith & Wesson na za Ruger.

Kanuni hiyohiyo inaeleza kwa nini bastola ya .454 Casull ambayo kampuni ya Freedom Arms ya Wyoming ilianza kuiuza mwaka 1983 ina chemba tano, si sita. Katika silinda ya kipenyo kilekile, matundu matano huacha chuma kingi zaidi kati ya tundu na tundu. Aidha, vishimo vya kizuizi hukaa katikati ya chemba mbili, mahali penye chuma kinene. Katika silinda nyingi za chemba sita, kishimo hukaa juu ya chemba yenyewe, na kuupunguza ukuta pale ulipo mwembamba tayari.

Hata hivyo, kutopasuka leo si ushahidi wa kutopasuka kesho. Chuma kinachokazwa na kulegezwa maelfu ya mara huweza kuanzisha ufa mdogo, usioonekana kwa macho, na ufa huo ukakua kila mara kinapokazwa tena. Hali hii huitwa uchovu wa metali. Habari njema ni kwamba vyuma vingi vya pua vina kiwango cha mkazo ambacho chini yake uchovu hautokei kwa vitendo. Katika sampuli zilizosuguliwa vizuri maabarani, kiwango hicho huwa karibu nusu ya mkazo unaokivunja chuma kwa mvuto mmoja.

Hapa ndipo akiba ya uimara inapopata maana kamili. Bastola inayofanya kazi karibu na kikomo chake inatumia umri wake kila inapofyatuliwa. Inayofanya kazi mbali na kikomo karibu haiutumii. Kwa mrithi, hesabu hiyo ina uzito kuliko jina la kiwanda na kuliko nakshi zilizochorwa ubavuni.

Chuma na adui yake

Chuma cha pua ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo. Bastola nyingi hutengenezwa kwa aina yenye takribani asilimia 0.4 ya kaboni, asilimia 1 ya kromiamu na asilimia 0.2 ya molibdenamu. Mchanganyiko huo hupashwa moto, huzimwa ghafla, kisha hupashwa tena kwa joto dogo. Hatua ya kuzima hukipa ugumu. Hatua ya mwisho hukiondolea wepesi wa kukatika. Kiunzi kinaweza kufuliwa kwa nyundo za mashine au kumiminwa katika kalibu. Ruger hujulikana kwa viunzi vya kumiminwa, Smith & Wesson kwa vya kufuliwa, na njia zote mbili zimetoa bastola zilizodumu. Kinachopaswa kukwepwa ni viunzi vya aloi laini ya zinki, ambavyo havifai kwa kazi hii.

Adui wa chuma ni kutu. Oksijeni na unyevu hukigeuza chuma kuwa oksidi nyekundu isiyoshikamana, ambayo huachia na kuruhusu chuma cha chini kuliwa. Rangi ya buluu-nyeusi ya bastola za zamani ni oksidi pia, lakini ya aina nyeusi iliyoshikamana, iliyotengenezwa kwa makusudi. Ni tabaka jembamba mno, nalo hulinda tu likipakwa mafuta. Chuma kisichoshika kutu kwa urahisi kina angalau asilimia 10.5 ya kromiamu, ambayo hujifunika yenyewe kwa tabaka la oksidi lisiloonekana na hulirejesha likikwaruzwa. Smith & Wesson walitoa revolva ya kwanza ya aina hiyo kwa uzalishaji wa kawaida mwaka 1965. Mwindaji wa mahali penye mvua na theluji atahudumiwa vizuri zaidi na chuma hiki. Anayependa rangi nyeusi hatakuwa amekosea, ila awe tayari kuifuta na kuipaka mafuta kila arudipo. Na bastola ya aina yoyote isihifadhiwe ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hufyonza unyevu na mara nyingi hubakiwa na kemikali za kuilainishia.

Kuikagua mkononi

Uimara wa chuma hauna faida ikiwa sehemu hazikai mahali pake. Kichwa cha risasi hutoka kwenye chemba, huruka nafasi ndogo iliyo wazi, kisha huingia mtutuni. Chemba ikiwa imekaa kando hata kidogo, kichwa huingia kikikwanguliwa upande mmoja, na shabaha huharibika.

Ukaguzi huanza kwa kufungua bastola na kuhakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba kila chemba ni tupu. Kisha mtutu uelekezwe mahali salama muda wote. Vuta nyundo polepole sana huku ukiitazama silinda. Kizuizi kinatakiwa kuifunga silinda kabla nyundo haijafika mwisho wa safari yake au papo hapo inapofika. Rudia kwa kila chemba, kwa kuwa moja inaweza kuwa imechakaa na nyingine nzima. Silinda ikiwa imefungwa, jaribu kuizungusha kwa vidole. Mchezo mdogo sana unakubalika, lakini isiyumbe. Kisha isukume mbele na kuivuta nyuma. Ikisogea kwa kishindo kinachosikika, imechakaa.

Sasa iinue bastola kuelekea kwenye mwanga na utazame kutoka ubavuni nafasi iliyo kati ya silinda na mtutu. Inapaswa kuwa mstari mwembamba wa mwanga, wenye upana uleule juu na chini, takribani milimita 0.1 hadi 0.2. Vipande vyembamba vya kupimia nafasi, ambavyo mafundi wa magari hutumia, vitakupa kipimo halisi. Juu ya nafasi hiyo, upande wa chini wa paa la kiunzi, huenda ukaona mfereji mdogo uliochongwa na gesi ya moto. Ukiwa hafifu, ni alama ya kawaida ya matumizi. Ukiwa na kina, bastola imefyatuliwa risasi kali mara nyingi mno. Vivyo hivyo kwa vishimo vya kizuizi: kingo zikiwa kali, silinda bado ni changa, zikiwa zimepondeka na kuviringana, akiba yake imeshaanza kuliwa.

Malizia kwenye mdomo wa mtutu. Ndani ya mtutu mna mifereji inayozunguka, ili kichwa cha risasi kizunguke na kubaki kimenyooka hewani. Bastola nyingi za .44 Magnum hukizungusha mara moja katika kila inchi 20, karibu nusu mita, kwa hiyo kwa kasi ya mita 400 kwa sekunde kichwa hutoka kikizunguka karibu mara 800 kwa sekunde. Kitu kinachozunguka kwa kasi hiyo kikiguswa na mkwaruzo upande mmoja wakati wa kuachana na mtutu, huyumba. Ndiyo maana ukingo wa mdomo usiwe na jeraha hata dogo.

Mkono wa mwindaji

Kanuni ya tatu ya Newton inasema kila kani ina kani nyingine iliyo sawa nayo na inayoelekea kinyume. Momenta ya 6.2 inayokwenda mbele na kichwa cha risasi hurudi nyuma na bastola. Bastola ya kilogramu 1.4 itarudi kwa kasi ya mita 4.4 kwa sekunde, nayo itabeba karibu jouli 14. Ya kilogramu 0.7 itarudi kwa mita 8.9 kwa sekunde, na jouli 27. Gesi itokayo mtutuni huongeza juu ya hesabu hizo, lakini uwiano unabaki: uzito ukipunguzwa nusu, nishati inayoupiga mkono huwa maradufu. Mkono unaoumia hujifunza kuogopa, na mkono unaoogopa hutikisika kabla ya mlio. Uzito, basi, ni rafiki wa mwindaji na wa mrithi wake. Masikio nayo yalindwe daima, kwa kuwa mlio wa bastola hizi huzidi desibeli 150.

Mtutu mrefu huongeza uzito huo, na una faida ya pili. Tuseme vilengeo viwili, cha mbele na cha nyuma, vimeachana kwa sentimita 20. Mwindaji akikosea kuvilinganisha kwa milimita 1 tu, kosa hilo huongezeka kwa uwiano wa umbali. Katika mita 50 ni mara 250, yaani sentimita 25. Huo ni upana wa kutosha kulikosa kabisa eneo la moyo wa kulungu. Kwa hiyo mtutu wa inchi 6 hadi 7.5 hufaa zaidi kuliko mfupi, na vilengeo viwe vya kurekebishika.

Mvutano wa dunia nao una sehemu yake. Kichwa cha risasi kikienda mita 400 kwa sekunde kinafika mita 50 kwa sekunde 0.125, na kitakuwa kimeshuka karibu sentimita 8. Kikifika mita 100 kitakuwa kimeshuka karibu sentimita 31, mara nne zaidi. Upinzani wa hewa hukipunguza mwendo na kuongeza kushuka huko. Mwindaji mwaminifu hupima uwezo wake kwa kulenga shabaha ya karatasi, kisha haupiti umbali ambao kila risasi yake hutua mahali inapotakiwa.

Mambo anayostahili kuyajua mrithi

Bastola za zamani za tendo moja, za muundo wa Colt, zina nyundo ambayo ncha yake hukaa karibu kabisa na fataki. Zikianguka zinaweza kufyatuka, na kwa sababu hiyo wenye busara waliacha chemba iliyo chini ya nyundo ikiwa tupu. Mwaka 1973 Ruger waliingiza kipande cha chuma kinachopitisha pigo la nyundo pale tu triga inapovutwa. Anayenunua kwa ajili ya kurithisha achague bastola yenye kinga ya namna hii, maana hawezi kujua mrithi atakuwa mwangalifu kiasi gani.

Risasi nayo ni sehemu ya urithi. Ganda la .44 Magnum lilifanywa refu kwa milimita 3 kuliko la .44 Special ili lisiingie katika bastola za zamani zilizo dhaifu. Kinyume chake kinawezekana: bastola ya .44 Magnum hupokea .44 Special, hivyo mwenyewe anaweza kufanya mazoezi kwa risasi laini na kuhifadhi zile kali kwa msimu. Katika .45 Colt kinga hiyo haipo. Zipo risasi za kisasa zenye jina hilo zilizokusudiwa bastola imara tu, lakini huingia bila kipingamizi katika bastola ya karne iliyopita na zinaweza kuipasua. Kwa hiyo andika kwenye karatasi, na uiweke pamoja na bastola, aina ya risasi inayoruhusiwa, tarehe za matengenezo na hati za umiliki. Yote yafungiwe mahali ambapo mtoto hawezi kufika, na uhamisho wa umiliki ufuate sheria ya jimbo na ya taifa.

Sasa tunaweza kuupanga uchaguzi. Anza na mnyama na umbali, ili ujue nishati unayohitaji kweli. Chagua risasi inayoitoshea kazi hiyo, kisha bastola ambayo ingeweza kubeba zaidi ya risasi hiyo. Tazama unene wa silinda, aina ya chuma na uzito. Ikague kwa mikono yako, chemba moja baada ya nyingine. Pendelea muundo uliotengenezwa kwa miaka mingi, kama Super Blackhawk ya Ruger iliyoanza mwaka 1959, kwa kuwa vipuri na mafundi wake ni rahisi kupatikana. Mwenye kufuata mpangilio huu kwa kawaida huishia na bastola ya .44 Magnum, nzito kiasi, yenye mtutu mrefu, anayoilisha risasi za wastani. Nguvu ambayo mwindaji wa leo hakuitumia ndiyo atakayoikuta mjukuu.